Vakansi: maharagi na udongo vinaweza kufundisha mtoto hesabu

Mwezi wa saba na wa nane shule zimefungwa, watoto wako nyumbani. Masomo ya bure yaliyoanza mwaka 2019 ni ya shule za msingi. Watoto wengi wa miaka 3 mpaka 5 hawapitii materneli. Hesabu yao ya kwanza inaweza kuanzia kwenye parseli.

Kuhesabu si kuimba namba. Kuna mtoto anayetaja moja mpaka kumi mbio mbio, lakini ukimuomba maharagi matano, anakuletea mkono umejaa. Mzazi amuonyeshe kugusa kila mbegu mara moja na kutaja namba moja tu. Kisha azitawanye, aulize: sasa ni ngapi? Mtoto mdogo anaweza kusema zimeongezeka. Asigombezwe, ahesabu tena mwenyewe.

Kazi za mikono nazo zinasaidia. Vifuniko vya soda vipangwe kwa rangi. Ng'ombe wa udongo anataka miguu minne na pembe mbili. Gari la mabua ya mahindi linataka magurudumu mangapi? Wakati wa kula, mtoto agawe sahani: kila mtu moja.

Tahadhari: mbegu na vifuniko viwe mbali na wale wa chini ya miaka 3, wanaweza kuvimeza ao kuviingiza puani. Na wanaotoka kuokota vitu vya kuchezea waambiwe: chuma usichokijua usikiguse, kinaweza kuwa bomu. Ita mkubwa.

Robo saa kwa siku inatosha. Akichoka, mumuache acheze.