Boksi la besi: historia ya mzigo mzito

Leo naweka kando habari za programu na hifadhidata, niongee kuhusu spika. Kama wewe si mpiga gitaa usikimbie, ndugu msomaji, maana humu mna fizikia, mna pesa na mna siasa kidogo. Siku za kazi naandika programu. Jumamosi napiga gitaa la besi kwenye harusi hapa Kiplombe na viunga vingine vya Eldoret. Vijana wanaoanza huniuliza swali moja kila mara: ninunue boksi gani la besi?

Jibu langu huwa refu kwa sababu linaanzia kwenye historia. Nikiifupisha, historia yenyewe ni hii: mwenye spika ndiye mwenye bendi.

KABLA YA UMEME

Zamani boksi na ala vilikuwa kitu kimoja. Wakisii wana obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi nane chenye bakuli lililowambwa ngozi, na sauti yake ni nzito kiasi kwamba wataalamu wa muziki hukifananisha na besi kubwa ya kusimama ya Wazungu. Waluo wana nyatiti, nayo ina nyuzi nane. Wakalenjin wana chepkong'. Mpigaji alibeba boksi lake kwapani akaenda popote alipoitwa. Hakumwomba mtu spika.

Gitaa la umeme lilibadilisha hayo. Gitaa la besi bila amplifaya ni ubao wenye nyuzi. Sauti yake inakaa kwenye boksi, na boksi linaweza kuwa la mtu mwingine.

Kwa nini boksi la besi liwe kubwa hivyo? Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne hutikisika mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41. Wimbi la sauti hiyo hewani lina urefu wa mita 8 na kitu. Spika ya redio ndogo haiwezi kuusukuma mzigo huo wa hewa. Inahitajika koni pana, au koni nyingi, na boksi la kuzuia hewa ya nyuma isifute hewa ya mbele. Ukiitoa spika kwenye boksi lake ukaipigia mezani, besi inatoweka. Jaribu, utaona.

MAREKANI, 1951 HADI 1969

Leo Fender wa California alitoa gitaa lake la besi, Precision Bass, mwaka 1951. Mwaka uliofuata akaleta amplifaya ya kuandamana nalo, Bassman, yenye spika moja ya inchi 15. Ilitosha ukumbi mdogo.

Kampuni ya Ampeg iliasisiwa na Everett Hull, mpigaji wa besi ya kusimama. Jina lenyewe lilitokana na maikrofoni aliyoiweka ndani ya kigingi kinachoishikilia besi sakafuni. Mwaka 1960 Ampeg ilitoa B-15, kazi ya Jess Oliver: spika moja ya inchi 15, na amplifaya inayogeuzwa juu chini na kufichwa ndani ya boksi wakati wa safari, kisha mzigo wote unasukumwa kwa magurudumu. Tayari tatizo la kubeba lilikuwa limeanza kuumiza watu migongo.

Kisha viwanja vikawa vikubwa. Mwaka 1969 Ampeg ilileta SVT, amplifaya ya taa za kioo yenye wati 300, na maboksi yenye spika nane za inchi 10 kila moja. Rolling Stones walizunguka nazo Marekani mwaka huohuo. Boksi la aina hiyo linalouzwa siku hizi, SVT-810E, lina uzito wa karibu kilo 64. Ndiyo, 64, kama nambari ya shamba iliyoupa mji wetu jina la Sisibo! Wazee wa Eldoret husimulia kwamba benki ya kwanza hapa ilijengwa kulizunguka sefu lake, kwa kuwa sefu lilianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe na hakuna aliyeweza kuliinua. Anayewahi kupandisha boksi la spika nane ngazi za ukumbi anaielewa hadithi hiyo vizuri sana.

KWETU: NANI ALINUNUA VYOMBO?

Sasa turudi Afrika Mashariki. Mpiga besi wa Detroit au London aliweza kukopa akanunua boksi lake, akalipa polepole. Huku kwetu vyombo viliagizwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, na mwanamuziki wa kawaida hakuwa nazo. Basi vyombo vikanunuliwa na wenye uwezo.

Tanzania ndiyo mfano ulio wazi zaidi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC, ndipo ikaitwa DDC Mlimani Park. Bendi ya Remmy Ongala, Super Matimila, ilichukua jina la mfanyabiashara aliyekuwa na vyombo. Hebu tafakari hilo kidogo. Mtunzi aliyejulikana hadi Ulaya, na bendi ina jina la mwenye spika.

Sisemi mpango ule ulikuwa mbaya wote. Wanamuziki walipata mshahara, na muziki uliotoka ni hazina hadi leo. Lakini mpigaji aliyegombana na mwajiri aliondoka na vidole vyake tu. Mpaka leo kwenye harusi zetu hali haijabadilika sana: anayekodisha vyombo hulipwa kwanza, wapigaji hugawana kinachobaki. Nimemwona mpiga besi mzuri akisubiri ujira hadi usiku wa manane kwa sababu hesabu ya spika ilikuwa haijakamilika.

SIRI YA REDIO NDOGO

Kuna jambo lililowasaidia wakongwe wetu. Mwaka 1978 wanamuziki kadhaa walijitenga na Simba Wanyika jijini Nairobi wakaunda Les Wanyika, na besi ya Tom Malanga ikawa ya kutambulika papo hapo. Wengi waliisikia kwenye redio yenye spika isiyozidi upana wa kiganja. Redio ile haikuweza kutoa hezi 41 hata kidogo, sasa waliisikiaje?

Uzi wa besi hautoi mtikisiko mmoja. Pamoja na hezi 41 unatoa 82, 123 na kuendelea, na ubongo ukizisikia hizo za juu hujaza wenyewe ile ya chini. Hata lile jitu la kilo 64 sauti yake huanza kupungua chini ya hezi 58 hivi. Basi usidanganywe na muuzaji anayesifu mngurumo tu. Kwa benga, ambamo besi inarukaruka na kujibizana na gitaa la solo, unahitaji noti iliyo wazi na fupi kuliko mngurumo.

HESABU ZILIPOINGIA

Kwa miaka mingi maboksi yalitengenezwa kwa kubahatisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Josef Anton Hofmann wa kampuni ya KLH ya Marekani alieleza kanuni inayobeba jina lake: boksi dogo, besi ya chini sana, na sauti kubwa kwa wati chache, chagua mawili, la tatu utalikosa. Sisi waandika programu tunaijua hali hiyo. Ukitaka kasi unalipa kwa kumbukumbu.

Mwaka 1961 Mwaustralia Neville Thiele alichapisha hesabu za maboksi yenye tundu la kupumulia. Mwenzake Richard Small aliziendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Leo kila spika nzuri huja na vipimo vyao, na kuna programu ya bure kama WinISD inayokuonyesha boksi litakavyolia kabla hujakata ubao hata mmoja. Maana yake ni kwamba fundi seremala wa hapa Eldoret, akipewa vipimo sahihi na mbao nzuri za plaiwudi, anaweza kukutengenezea boksi la heshima.

Badiliko la pili lilikuwa sumaku. Kati ya 1982 na 1984 watafiti wa Japani na Marekani, kila upande kivyake, walipata sumaku ya neodimiamu, yenye nguvu nyingi kwa uzito mdogo. La tatu ni amplifaya za daraja D, ambazo badala ya kuchoma umeme kama joto huuwasha na kuuzima maelfu ya mara kwa sekunde. Wati 300 za mwaka 1969 zilihitaji kichwa cha zaidi ya kilo 35. Siku hizi wati hizo zinaingia kwenye begi la kompyuta, na kuna boksi la spika moja ya inchi 12 lenye kilo 11 au 12.

SASA, HAPA KIPLOMBE

Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 20, na koni inayosukuma hewa nyepesi hutoa sauti ndogo zaidi, kama desibeli 2. Kwa hesabu ya wati, kazi ya wati 300 kule pwani huku itataka karibu 470. Hewa nyepesi pia hupoza mashine polepole, kwa hiyo usiifunike amplifaya.

Halafu harusi zetu nyingi ni uwanjani chini ya hema, hakuna kuta za kurudisha besi. Kwa hayo yote, ushauri wangu ni huu:

Kwanza, soma unyeti wa boksi, yaani desibeli zake kwa wati moja, kabla ya kusoma wati. Boksi la desibeli 100 kwa wati 100 ni sawa na la desibeli 97 kwa wati 200. Jenereta yako itashukuru.

Pili, nunua maboksi mawili madogo badala ya moja kubwa. Anza na moja, ongeza la pili pesa zikipatikana. Yasimamishe moja juu ya jingine, sio kando kwa kando, ili sauti isambae pande zote na wewe mwenyewe uisikie masikioni badala ya magotini.

Tatu, angalia omu. Maboksi mawili ya omu 8 yakiunganishwa pamoja huwa omu 4, na amplifaya nyingi zinakubali. La tatu litashusha hadi omu 2.7, na hapo mashine nyingi huzima au huungua.

Nne, lipime kwa Probox. Kama haliingii nyuma ya Probox pamoja na gitaa na watu wawili, utakuwa unakodi pikapu kila Jumamosi, na ujira wako utaishia kwa mwenye pikapu.

Ndiyo maana sisemi kwamba uzito ni jambo dogo la starehe. Kilo 64 zilihitaji lori, lori lilihitaji mwenye mali, na mwenye mali aliamua nani apige na alipwe lini. Kijana mwenye boksi mbili za kilo 12 anaweza kuitwa Ziwa au Turbo leo, akafika na sauti yake mwenyewe, akadai chake na kurudi nyumbani. Mpigaji wa obokano alikuwa na uhuru huo.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata.