Mwana wa Liongo na Kijana wa Buibui

Vijana wa Morogoro Mjini wana swali moja lililowakaa rohoni tangu Juni 2023, nalo ni hili: je, baba yake Miles Morales atakufa?

Kwa msomaji asiyemjua, Miles ni kijana wa Brooklyn, baba yake Mmarekani mweusi na mama yake mtu wa Puerto Rico, aliyeumwa na buibui akapata nguvu zipitazo za binadamu. Filamu ya katuni iliyomleta kwetu, Spider-Man: Into the Spider-Verse, ilitoka Desemba 2018 na mwaka uliofuata ikatunukiwa Oscar. Ya pili, Across the Spider-Verse, ilitoka Juni 2023 na kukatika katikati ya mkasa: kijana amefungwa katika ulimwengu usio wake, na katika ulimwengu wake baba anakaribia saa yake. Ya tatu iliahidiwa Machi 2024, ikaahirishwa, na tangazo la sasa linataja Juni 2027. Miaka minne, basi, watu wanangojea jibu juu ya kifo cha mtu mmoja wa kuchorwa. Mimi ni miongoni mwao, wala sioni haya kulisema hilo katika kurasa zilizozoea tenzi na malumbano ya vina, kwa kuwa naamini swali lenyewe ni la kwetu tangu kale.

Mtu-Buibui wa kwanza, Peter Parker, alizaliwa Agosti 1962 katika toleo la 15 la gazeti la picha liitwalo Amazing Fantasy, kwa kalamu ya Stan Lee na mchoro wa Steve Ditko. Alikuwa yatima wa shule ya sekondari, na ndugu wa baba yake, Ben, aliyemlea, aliuawa na mwizi ambaye kijana alikuwa amempuuza akamwacha apite. Tangu hapo ushujaa wake wote umejengwa juu ya maiti moja. Katuni yake ya kwanza ya televisheni ilianza kurushwa Marekani Septemba 1967. Nyingine, iliyo maarufu zaidi kwa watu wa rika la watoto wetu, ilianza 1994. Miles mwenyewe ni wa juzi tu: alibuniwa 2011 na Brian Michael Bendis na mchoraji Sara Pichelli.

Ninyi wa Visiwani mlikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulingoja hadi 1994, na kwa hiyo wengi wetu tulimjua Mtu-Buibui kwa mkanda wa video kabla ya kumjua kwa kituo chochote. Vibanda umiza ndivyo vilivyokuwa sinema zetu: mabenchi ya mbao, turubai, runinga moja, joto la watu hamsini. Humo ndimo ilimokulia sanaa ambayo wahakiki wetu wameipita kana kwamba haipo, sanaa ya msimuliaji anayepunguza sauti ya filamu na kuingiza yake. Sauti za akina Lufufu na DJ Mack zimefika mahali ambapo hakuna kitabu cha mshairi kilichofika. Mimi nimefasiri vitabu kwa miaka mingi, na nakiri kwamba sijapata kuona mfasiri afanyaye kazi ngumu kuliko huyu, ambaye hana kamusi, hana muda, na wasomaji wake wamekaa mbele yake tayari kuzomea.

Tazama, mathalani, neno moja tu. Kiingereza humwita Ben kwa jina la udugu lisilobainisha upande. Ndugu wa baba na ndugu wa mama ni mamoja kwao. Msimuliaji hutamka “mjomba”, na hivyo ndivyo tulivyozoea sote. Lakini Ben ni Parker, ndugu wa baba. Ni ami, ni baba mdogo au mkubwa. Kadhalika Aaron, yule mhalifu anayempenda Miles na kufa katika filamu ya kwanza, ni ndugu wa baba yake. Mahali pengine kosa hili lingekuwa dogo. Chini ya milima ya Uluguru si dogo hata kidogo, kwa kuwa Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli juu ya mpwa, juu ya shamba na juu ya jina. Mtoto wa Kiluguru anapomwona “mjomba” Aaron akimfundisha Miles kuchora kutani kwa siri ya baba, haoni mtu wa pembeni anayempotosha kijana. Anaona mwenye haki akitumia haki yake. Kwa hiyo kifo cha Aaron kinamwangukia kwa uzito ambao waandishi wa Marekani hawakuupanga. Sijui kama niite kosa au niite bahati.

Sasa tuje kwenye kiini. Katika filamu ya pili kuna jamii nzima ya watu-buibui kutoka malimwengu mbalimbali, na mkuu wao, Miguel O'Hara, anashika sheria moja: kila mtu-buibui lazima apatwe na misiba fulani, na mmojawapo ni kufiwa na kapteni wa polisi aliye karibu naye. Atakayeuzuia msiba huo ataubomoa ulimwengu. Baba yake Miles yu karibu kupandishwa cheo kuwa kapteni. Kijana anaambiwa akae atazame. Anakataa, anakimbia, na jamii nzima inamfukuza.

Nilimsikia msimuliaji mmoja wa Mji Mpya akiifasiri sheria hiyo kwa maneno mawili: “ajali yake”. Wenzangu waliokaa nami walidhani ametaja ajali ya gari. Lakini ajali, kabla ya kushushwa kuwa jina la mabasi kugongana, ilikuwa ndiyo saa iliyowekwa ya mtu kufa, kama ilivyo katika Kiarabu ilikotoka na kama tenzi zetu zilivyoijua. Kwa neno moja la zamani, pengine bila kukusudia, yule bwana aliitoa falsafa ya filamu nzima.

Nasi tunaye shujaa wa ajali. Fumo Liongo, ambaye wataalamu bado wanabishana aliishi karne gani, alikuwa hapigiki kwa silaha yoyote. Masimulizi yake yalichapwa na Edward Steere mwaka 1870, na Muhamadi Kijumwa wa Lamu akautunga utenzi wake 1913. Alifungwa gerezani, mama yake akampelekea tupa ndani ya mkate wa chachu kwa mkono wa kijakazi Saada, akakata pingu huku ngoma na mayowe yakizima mlio wa chuma. Mtu wa namna hiyo hafi ila kwa siri yake: sindano ya shaba katika kitovu. Na aliyeitoa siri, akaishika sindano, akamchoma baba yake usingizini, ni mwanawe wa kumzaa, kwa ahadi ya ujira ambao hakuupata. Liongo aliamka, akachukua uta wake, akapiga goti kisimani na kufa katika hali hiyo, na watu wa mji wakashinda siku kadhaa na kiu wakiogopa maiti.

Weka masimulizi haya mawili pamoja. Kwetu mwana ndiye njia ambayo ajali humpitia baba. Kwao, katika hii katuni, mwana ndiye anayesimama mlangoni kuizuia. Sina haraka ya kusema ipi ni bora. Utenzi wa Liongo unajua jambo ambalo filamu bado haijathubutu kulitazama, kwamba adui wa shujaa hula naye sahani moja. Ila namshangaa kijana huyu wa Brooklyn, kwa sababu hatuna wengi mfano wake katika fasihi yetu ya kale, mwana anayeambiwa kwamba limeandikwa naye akauliza ni nani aliyeandika.

Yapo mengine yanayomfanya buibui awe wa kwetu. Kila mtoto wa chuo anamjua yule aliyetanda utando mlangoni mwa pango la Thaur, na Mtume na sahibu yake wakapona ndani. Na jina lake ndilo la vazi jeusi la mama zetu wa Unguja na Lamu. Buibui kwetu husitiri. Huyu wa Marekani anavaa kinyago ili asitirike, na filamu zote mbili ni habari ya mtu anayetamani kujifunua kwa wazazi wake.

Lakini mimi naandika kutoka Morogoro, na hapa habari za mwili usiodhurika haziwezi kuwa mchezo mtupu. Katika Uluguru kulikuwa na pango la Kolelo, lililotafutiwa mvua na mizimu, ambalo wanahistoria hulihusisha na imani zilizotangulia vita vya Majimaji. Mwaka 1905 Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ya kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Tarehe 30 Agosti mwaka ule, watu waliojiamini hivyo waliiendea boma ya Mahenge, ambayo leo imo katika mkoa wetu huu, wakakutana na bunduki za mtombo. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo vya vita vyote kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamepandisha hesabu hadi mara tatu na zaidi, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969 alimfanya shujaa aone kwamba neno alilolizaa limekuwa kubwa kumpita. Ndiyo maana sipendi mashujaa wasioumia. Mtu-Buibui huumia, huchelewa, huchaniwa nguo, hukosa nauli. Huyo naweza kumwamini.

Kuhusu mustakabali wake nina hofu mbili. Ya kwanza ni ya biashara: filamu ya pili ilivuna karibu dola milioni 690 duniani, na chombo chenye mavuno ya namna hiyo hakiachwi kife. Magazeti ya 2023 yaliandika pia kwamba wachoraji wapatao mia moja waliiacha kazi ile kabla haijakwisha kwa kuchoshwa na marekebisho yasiyokoma. Kazi inayowachosha watu wake haiwezi kutanuliwa milele. Natumaini wataifunga kwa hii ya tatu na kumwacha kijana akue. Ya pili ni ya hadithi: kwamba watamwokoa baba bure, bila gharama yoyote. Baba yake Gwen tayari ameonyesha mlango, kwa kuivua kazi ya kapteni. Ikiwa baba yake Miles atapona, na apone kwa kuacha kitu.

Hofu ya tatu hainihusu tena Marekani. Rika la wakubwa zetu lilikuwa na Lance Spearman katika magazeti ya picha za Drum miaka ya 1960. Faraji Katalambulla akatupa picha za namna hiyo kwa Kiswahili. Baadaye tukawa na Ndumilakuwili na Lodi Lofa katika Sani. Leo Ubongo wa Dar es Salaam, walioanza kurusha Ubongo Kids mwaka 2014, wamethibitisha kwamba katuni ya Kiswahili yaweza kutengenezwa nchini na kupendwa, ijapokuwa Akili wao ni mtoto wa kujifunza wala si wa kupigana. Zambia ilitoa Supa Team 4 ya Malenga Mulendema Julai 2023, wasichana wanne wa Lusaka wanaouokoa mji wao. Mwezi huo huo mkusanyo wa Kizazi Moto ulibeba kazi za Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda. Jina la mkusanyo ni Kiswahili.

Soko kuu la mji wetu linaitwa Chifu Kingalu. Na kabla ya soko, kabla ya reli, hapa palikuwa na mji wenye ukuta uliojengwa na Kisabengo, ukarithiwa na binti yake, Simbamwene, ambaye Stanley alipita chini ya kuta zake mwaka 1871 na mafuriko ya mwaka uliofuata yakazibomoa. Binti mtawala, ukuta, mto unaokuja usiku: hakuna hata kimoja kinachohitaji kubuniwa. Nimeanza kuandika maneno ya wahusika, kwa Kiswahili, pamoja na yale ya mjomba wake. Mchoraji bado namtafuta.