Dawa ya Kutozeeka na Udongo wa Wenyewe

Siku hizi ukifungua simu hukosi jamaa mwenye kifua kama cha mwanamasumbwi akikuambia anameza rapamaisini ili asizeeke. Sina shida na mtu anayetaka kufika miaka 120. Shida yangu ni kwamba hakuna anayesema hiyo "rapa" imetoka wapi. Imetoka Rapa Nui, kile kisiwa cha Pasifiki chenye masanamu ya mawe. Ile emoji ya sura ya jiwe mnayotumiana mkikosa la kusema? Ndiyo hiyo.

Desemba 1964, meli ya jeshi la majini la Canada ilitia nanga huko ikiwa na madaktari na wanasayansi kama 40. Uwanja wa ndege ulikuwa unapangwa, nao walitaka kuwapima wenyeji kabla dunia haijawafikia. Kisiwa kilikuwa na watu wapatao 1,000, na karibu wote walitolewa damu. Halafu wageni wakachota na udongo.

Cheki hali ya wenyeji wakati huo. Walitawaliwa na jeshi la majini la Chile, na kutoka kisiwani ilikuwa mpaka upewe ruhusa. Haki za uraia walikuja kuzipata 1966. Sasa mtu ambaye hata kusafiri haruhusiwi, nani atamwomba idhini ya udongo?

Udongo ulifika Montreal, kwenye maabara ya kampuni ya Ayerst. Mle ndani kulikuwa na bakteria anayetengeneza kitu cha kuua kuvu, na 1972 Surendra Sehgal na wenzake wakakitoa. Miaka kumi baadaye maabara ikafungwa, mradi ukatupwa. Sehgal akabeba bakteria wake nyumbani, akawaweka kwa friji pamoja na chakula cha familia. Manze, huyo mzee namheshimu! Bila yeye, Marekani haingeidhinisha dawa hii 1999 kwa watu waliopandikizwa figo.

Na uzee umeingiaje hapo? Kupitia njaa. Huko nyuma 1935, Clive McCay wa Chuo Kikuu cha Cornell alionyesha kuwa panya waliopewa vitamini zote lakini wakanyimwa kushiba waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Rapamaisini inazima swichi ambayo seli hutumia kujua kama chakula kipo, yaani mwili unadhani umefunga na huku umekula chapati. Mwaka 2009 panya wa siku 600, ambao ni wazee kabisa, walipewa dawa hiyo na maisha yao yakarefuka: majike kwa asilimia 14, madume kwa 9.

Hao ni panya lakini. Kwa binadamu bado hakuna utafiti ulioonyesha kwamba inaongeza miaka, na dawa yenyewe hupunguza kinga ya mwili. Bryan Johnson, yule tajiri wa Marekani anayepigana na uzee, aliimeza kwa miaka kadhaa kisha akaacha 2024 akilalamikia madhara yake. Kwa hivyo wasee, msiitafute mtaani.

Dawa hii imeingiza mabilioni ya dola. Ule mkataba wa kimataifa unaosema wenye viumbe lazima waombwe na wagawiwe faida, maneno yake yalikubaliwa Mei 1992, tena hapa hapa Nairobi, wakati udongo ulishaondoka kitambo. Na usidhani ni mambo ya mbali. Mwaka 2004 KWS ililalamika kwamba vijidudu vya Ziwa Bogoria vilitumika kutengeneza kimeng'enya cha kufifisha jinzi, na Kenya haikupata kitu.

Huko Rapa Nui kuna kibao cha kumbukumbu ya ugunduzi huo, karibu na volkano ya Rano Kau. Wenyeji huongea Kirapanui na Kihispania. Kibao kimeandikwa Kireno.