Nyayo House: Safari Ndefu ya Kufichua Vyumba vya Mateso

Nyayo House ni jengo refu la ofisi za serikali katikati ya Nairobi, ambako wananchi hupanga foleni kutafuta pasipoti. Katika miaka ya 1980, chini ya jengo hilo kulikuwa na seli ambamo makachero wa Special Branch waliwafungia na kuwatesa watu walioshukiwa kuipinga serikali ya Rais Daniel arap Moi.

Special Branch ilikuwa idara ya polisi iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni Waingereza, na kazi yake ilikuwa kuwapeleleza raia. Chini ya Mzee Jomo Kenyatta, rais wa kwanza, mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia mwaka 1969 kwa kuandika kijikaratasi cha kuhoji mwelekeo wa nchi. Juni 1982, Bunge lilipoifanya KANU kuwa chama pekee halali, wahadhiri kadhaa waliwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, akiwemo mwandishi Alamin Mazrui. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1 mwaka huo, msako ulizidi, na wapelelezi walijipenyeza hadi katika madarasa ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Kuanzia mwaka 1986 serikali iliwaandama walioshukiwa kuwa wanachama wa Mwakenya, kundi la siri lililoupinga utawala wa chama kimoja. Mshukiwa alikamatwa, akafungwa kitambaa machoni na kushushwa kwenye seli yenye giza. Sakafu ilijazwa maji, akakaa humo siku kadhaa bila chakula. Kisha alipandishwa kwa lifti hadi ghorofa za juu, akahojiwa huku akipigwa, na kurudishwa majini. Wanyiri Kihoro, aliyekuwa wakili, alishikiliwa humo siku 74. Wengi walikubali lolote walilotakiwa kukubali, wakafikishwa kortini jioni, saa za kazi zikiwa zimekwisha, na kuhukumiwa bila wakili.

Aliyejaribu kuyapeleka mateso hayo mahakamani alilipia. Februari 1987, wakili Gibson Kamau Kuria aliiarifu serikali kwamba angeishtaki kwa niaba ya wateja wake waliodai kuteswa. Yeye mwenyewe akawekwa kizuizini hadi Desemba. Mwaka 1988 katiba ilibadilishwa ili majaji wapoteze ulinzi wa ajira yao, na mlango wa mahakama ukazidi kuwa mwembamba.

Shinikizo lililofuata lilitoka kwa raia. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiungwa mkono na Wangari Maathai, waligoma kula katika bustani ya Uhuru Park wakidai wana wao waachiliwe. Polisi walipowatimua kwa virungu na gesi ya kutoa machozi, walihamia Kanisa Kuu la All Saints na kuendeleza madai yao. Mwaka 1997 mageuzi ya sheria yaliondoa mamlaka ya kumweka mtu kizuizini bila kumshtaki.

KANU iliposhindwa katika uchaguzi wa Desemba 2002, serikali mpya ya Mwai Kibaki ilizifungua seli za Nyayo House mbele ya wanahabari na manusura Februari 2003. Hata hivyo, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyoundwa kuchunguza dhuluma za zamani, haikuanza kazi hadi mwaka 2009. Ilikusanya taarifa zaidi ya 40,000 na kukabidhi ripoti kwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013. Rais aliomba radhi kwa niaba ya serikali mwaka 2015 na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waathiriwa, lakini mapendekezo ya ripoti yalikwama Bungeni.

Mahakama ilifika mbali kuliko tume. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za manusura 21 zilikiukwa na kuamuru walipwe fidia. Mwaka huohuo katiba mpya ilipiga marufuku mateso katika hali yoyote, na ikalinda faragha ya mawasiliano ya raia.

Kati ya waliotesa watu katika Nyayo House, hakuna aliyehukumiwa. Manusura walithibitisha mahakamani kwamba makosa yalitendeka. Kilichobaki ni serikali kulipa fidia yote inayodaiwa na kuwataja waliohusika. Bila hayo, safari ya kufichua ukweli wa Nyayo House haijakamilika.