Ukoo wa La Bobera

Nyanya alianza kuniita kwa jina la mjomba alipofika miaka 82. Tulicheka, tukasema ni uzee tu. Miezi kadhaa baadaye nikasoma kuhusu ukoo mmoja wa Kolombia, na kicheko kikaniisha.

Huko kwenye milima ya Antioquia, miji kama Yarumal, kuna watu wa ukoo huo wanaoanza kupoteza kumbukumbu wakiwa na miaka 44 hivi. Kufikia 49, ugonjwa umeshakolea. Umri huo mtu bado ana watoto shuleni. Wenyeji waliuita la bobera, yaani upumbavu, na kila mmoja alikuwa na sababu yake: laana ya padri, uchawi, ati aligusa mti fulani.

Katika miaka ya 1980, Francisco Lopera, daktari kijana aliyekuwa akisomea magonjwa ya neva kule Medellín, alimpokea mgonjwa wa miaka 47 ambaye akili yake ilikuwa imepotea. Angeweza kuandika dawa na kumwita anayefuata. Badala yake aliuliza: na jamaa zake je? Yeye na wenzake wakapanda milimani, nyumba kwa nyumba, wakihoji wazee na kufungua vitabu vya parokia vya ubatizo, ndoa na mazishi. Hii ilikuwa Kolombia ya vita na mihadarati. Muuguzi mmoja wa timu alishikwa na waasi siku kadhaa akiwa kwenye kazi ya kukusanya damu. Nasaba waliyoichora ilifikia watu 6,000 hivi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kila nikifika hapa naona somo ambalo lingenifanya nibaki.

Mwaka 1995 jibu likapatikana: herufi moja iliyobadilika kwenye jeni iitwayo PSEN1. Ukiwa nayo, kila mtoto wako ana nusu ya uwezekano wa kuirithi. Ni kama kurusha sarafu.

Likaja jaribio la dawa, crenezumab, lenye watu 252. Kati yao 83 hawakuwa na jeni hiyo kabisa, na walidungwa sindano isiyo na dawa. Mbona wawekwe? Kwa sababu kama wangealikwa wenye jeni peke yao, mwaliko wenyewe ungekuwa hukumu. Basi wakaja wote, miaka na miaka, hakuna anayejua yuko upande gani. Mwaka 2022 ikatangazwa kwamba dawa haikufaulu.

Lakini mwaka 2019 walikuwa wameandika kuhusu mama mmoja wa ukoo huo. Jeni alikuwa nayo, ubongo wake umejaa amiloidi, ile protini inayoganda kwa wagonjwa, na bado alifika miaka ya sabini kabla ya kuanza kusahau. Alikuwa amerithi badiliko lingine adimu, Christchurch, kwa baba na kwa mama. Sasa watafiti wanatafuta dawa ya kuliiga. Lopera alifariki 2024, tiba bado.

Juzi dada yangu aliniuliza: ungekuwa wa ukoo ule, ungetaka kuambiwa? Nikasema ndiyo, haraka, kama mtu asiye na mtoto. Yeye anao wawili. Alinyamaza, akaenda kumwonyesha nyanya choo kiko wapi.