Kivuli Kimoja, Mikono Miwili

Sehemu ya Tatu

Siku ya sita maji ya bamvua yalijaa hadi yakalowesha miguu ya vibao tulivyosimamishia kanvasi. Hakuna aliyesogea. Ami alichora jahazi lililotia nanga upande wa Manda, nami nikichora lilo hilo, viwiko vyetu nusura vigongane.

Wiki iliyotangulia bado nilikuwa nikipaka vivuli kwa rangi nyeusi. Ami ndiye aliyenikomesha. Alinishika mkono akanisimamisha mbele ya ukuta wa chokaa, pale Shela.

"Weusi wauona wapi, mwanangu?"

Nilitazama mpaka macho yakanitoka machozi. Kivuli kilikuwa cha buluu, na chini, mchanga ulipopigwa jua, kilikuwa na wekundu wa mbali.

Lakini naye alichukua kwangu. Tanga lake lilikuwa limekauka kama shuka kambani. Alipoona langu nalipiga mipigo mifupi ya brashi bila kulainisha, akaiga, na lake likashiba upepo.

"Usione haya," aliniambia. "Monet na Renoir walikaa hivi mwaka 1869, La Grenouillère, kando ya Mto Seine. Mafukara wote wawili, maji yaleyale mbele yao. Picha ya mmoja leo iko New York, ya mwenziwe Stockholm, na ukizitazama utadhani mkono ni mmoja."

Nilimwamini. Bado namwamini: jicho lililofunzwa na mwenzako halijaiba kitu.

Jioni, Ami akiwa msikitini kwa Maghribi, akaja baharia wa yule mgeni aliyekwisha kulipa. Mashua inangoja, alisema, nipe ile ya Ami.

Kanvasi mbili zilikuwa zimeegemea baraza, hazina sahihi. Tanga lilelile. Buluu ileile. Moyo ukanipasuka: sikujua yangu ni ipi.

Nikakumbuka alama yangu. Kila fremu huikata pengo dogo kwa kisu, upande wa nyuma, chini kushoto, na sijapata kumwambia mtu. Niligeuza ya kwanza, nikapapasa. Pengo lipo. Alhamdulillahi, hii yangu.

Baharia akapiga mluzi. Nikainua ya pili nimpe, na kidole kikateleza nyuma, chini kushoto.

Pengo.

Niliisogeza kwenye taa. Mbao ilikuwa nyeupe, imekatwa leo hii.

Nyuma yangu, ndara zikasimama.

"Mpe yako," ilisema sauti ya Ami.

Itaendelea wiki ijayo