Jicho la juu, jicho la chini: nchi yetu ilivyopigwa picha kutoka angani

Wasikilizaji wetu wa Niemba, na ninyi jamaa ambao bado mko Katanika na katika nyumba za watu huko Kalemie, swali linalorudi kila mara kwenye kipindi ni la ardhi. Shamba letu lilikuwa wapi? Nani atashuhudia kama mzee aliyejua mpaka amekufa akiwa mkimbizi? Siku hizi kuna jibu ambalo vijana wanalitoa haraka: "Satelite inaona kila kitu." Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini lina hatari pia. Ili kulipima inafaa tujue historia ya picha za angani, namna zinavyotengenezwa na nani alizitengeneza. Historia yenyewe ilipita hapa hapa kwetu.

Mwaka 1916, wakati wa vita ya kwanza ya wazungu, Wajerumani walikuwa Kigoma na meli yao kubwa Graf von Götzen, ile ambayo baadaye watu wa ziwa waliijua kwa jina la Liemba. Wabelgiji walikuwa upande huu. Reli kutoka Kabalo ilikuwa imefika Kalemie mwaka 1915. Basi zikaletwa ndege nne za kutua majini, aina ya Short, mali ya Waingereza. Zilikuja vipande vipande, kwa meli, kwa treni na kwa mashua za mto, zikaunganishwa Mtoa, pembeni ya ziwa. Rubani mmojawapo alikuwa Aimé Behaeghe, ambaye anahesabiwa kuwa mtu wa kwanza kurusha ndege katika Afrika ya Kati. Juni 1916 alivuka ziwa pamoja na mwenzake Collignon wakaangusha mabomu Kigoma. Miezi michache baadaye akaugua, na Desemba 3, 1916 akafia hapa Niemba. Wengi wetu tumekulia hapa bila kuambiwa habari hiyo shuleni.

Behaeghe alitazama chini kwa macho yake mawili. Tufahamu vizuri maana ya macho mawili, kwa sababu mambo yote yanayofuata yametoka hapo. Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba, funga jicho moja, kisha ufungue hilo na kufunga lingine. Kidole kinaruka, lakini mlima wa nyuma haurukiruki. Kitu cha karibu kinaruka sana, cha mbali kinaruka kidogo. Ubongo unapima tofauti hiyo na kukuambia kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Mwaka 1838 Mwingereza Charles Wheatstone alionyesha kwamba ukichora picha mbili zenye tofauti hiyo ndogo, kila jicho likapewa yake, mtu anaona umbo lenye kina ingawa mbele yake kuna karatasi tupu. Chombo chake kikaitwa stereoskopu.

Sasa weka kamera tumboni mwa ndege inayokwenda moja kwa moja. Inapiga picha, inasogea, inapiga tena kabla haijamaliza eneo la kwanza. Kawaida ya wapima ardhi ni kwamba kila picha irudie asilimia 60 hivi ya picha iliyotangulia. Kila mti na kila kilima kinapigwa mara mbili, kutoka sehemu mbili zilizoachana. Ni kama jitu limetutazama kutoka mawinguni, na kati ya jicho lake la kushoto na la kulia kuna kilometa nzima. Mpimaji akiziweka picha mbili chini ya stereoskopu, vilima vinainuka na mabonde yanazama. Anaweza kupima urefu wa mlima ambao hajawahi kuupanda.

Katanga ilikuwa na kazi hiyo mapema kuliko sehemu nyingi za Kongo, na sababu inajulikana: shaba. Comité Spécial du Katanga ilikuwa na idara yake ya jiografia na jiolojia chini ya Maurice Robert. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ikaanzisha taasisi ya jiografia kwa Kongo yote, na miaka ya 1950 ndege za kupiga picha zikapita sehemu nyingi za nchi. Waliopigwa picha walikuwa chini na jembe mkononi. Waliangalia juu, wakaona ndege, wakaendelea kulima. Hakuna aliyewaeleza.

Baada ya kupiga, ilibidi kuunganisha. Picha mamia zilitandazwa mezani, zikakatwa kwa wembe, zikabandikwa pamoja mpaka ikapatikana picha moja kubwa ya teritware nzima. Hiyo inaitwa mozaiki. Ilikuwa kazi ya taabu, na sababu ni macho tena. Kila picha ilipigwa kutoka mahali pake, na katika kila moja vilima na miti mirefu vinalalia nje, mbali na katikati ya picha. Ukiunganisha picha mbili, barabara inaweza kukatika kwenye maungio, au kilima kimoja kikatokea nusu mara mbili. Mafundi wakajifunza kukata kwa kufuata mto au barabara ili kovu lisionekane. Kwa hiyo mozaiki inaonyesha nchi kwa namna ambayo hakuna jicho la mtu lililowahi kuiona, kwa sababu haina mahali pamoja ambapo mtazamaji alisimama. Imetengenezwa, na mahali palipokatwa palichaguliwa na mtu.

Baadaye wataalamu waliacha kupambana na tatizo hilo wakaligeuza kuwa msaada. Aliyesafiri kwa treni kutoka Kabalo hadi Kalemie ataelewa. Ukikaa dirishani, miti ya karibu inapita mbio na milima ya mbali inatembea polepole. Tuseme unapiga video njia nzima. Kisha kutoka kila picha ya video unachukua ukanda mwembamba tu, wa ukingo wa mbele, na kuipanga kanda hizo kwa zamu. Utapata picha moja ndefu ya safari yote. Sasa rudia, lakini uchukue ukanda wa ukingo wa nyuma. Utapata picha ndefu ya pili, ya nchi ile ile, lakini kila kitu kimetazamwa kwa mshazari wa upande mwingine. Moja ni jicho la kushoto, nyingine ni jicho la kulia. Kamera ni ile ile moja, na safari ndiyo iliyozaa macho mawili. Shmuel Peleg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu wamefanya kazi nyingi juu ya picha za namna hiyo, zinazounganishwa kwa kanda na zisizofuata sheria ya kamera ya kawaida.

Satelite nyingi hufanya hivyo kwa asili yake. SPOT 1 ya Wafaransa, iliyorushwa Februari 1986, haikupiga picha kama ya harusi, tap, eneo lote mara moja. Ilisoma dunia mstari kwa mstari huku ikisonga, kama mama anayefagia kiwanja akienda mbele. Satelite ya Marekani inayoitwa Terra, iliyorushwa Desemba 1999, ina chombo cha Wajapani kiitwacho ASTER chenye jicho moja linalotazama chini na lingine linalotazama nyuma. Kilima kinachopigwa na jicho la kwanza kinapigwa tena na la pili baada ya dakika moja hivi. Kwa njia hiyo ikapatikana ramani ya miinuko karibu ya dunia yote.

Lakini sikilizeni kipimo. Kwa ASTER, nukta moja ndogo ya picha ni mita 15 kwa 15. Nyumba ya udongo, ya majani, na jiko lake la nje vinapotea ndani ya nukta moja. Zipo satelite nyingine zinazoona hadi nyumba na hata mtumbwi, ila hizo hupiga pale wanapolipwa kupiga, au pale wakubwa wanapotaka kujua. Hivyo anayesema "satelite inaona kila kitu" inabidi aulizwe ni satelite gani, ya mwaka gani, na nani aliyeituma.

Mwaka 1960 unatufundisha jambo hili kuliko mwaka wowote. Mwezi wa nane, Wamarekani walifaulu kwa mara ya kwanza kurudisha duniani filamu iliyopigwa na satelite yao ya siri, Corona. Kifuko kilishuka na parashuti, ndege ikakidaka hewani. Kamera yake ilikuwa ya ajabu: ilizunguka kutoka upande hadi upande na kuchora ukanda mrefu wa nchi juu ya filamu, na tangu 1962 zikawekwa kamera mbili, moja ikiinamia mbele na nyingine nyuma, ili kupata kina. Picha zaidi ya 800,000 zilibaki siri mpaka 1995.

Mwaka huo huo wa 1960, Novemba 8, doria ya wanajeshi 11 wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, wakiongozwa na Luteni Kevin Gleeson, walitoka hapa Niemba wakaenda kwenye daraja lililovunjwa la mto Luweyeye. Katanga ya Tshombe ilikuwa imejitenga tangu Julai. Vijana wa Baluba waliokataa kujitenga walikuwa wamekata barabara, na vijiji vyao vilikuwa vimeshambuliwa na majandarma. Askari mzungu yeyote walimwona kuwa ni mtu wa Tshombe. Wanajeshi tisa waliuawa, wawili wakapona. Ramani inaweza kuonyesha mto na daraja. Hasira ya watu waliochomewa nyumba haina urefu wala upana unaopimwa kwa stereoskopu.

Kuna wengine pia ambao jicho la juu halikuwaona, na hapa nawaomba wasikilizaji wa pande zote mbili wavumilie. Batwa walioishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi walilala chini ya miti. Kibanda cha majani chini ya matawi hakitokei kwenye picha ya angani, wala njia ya mwindaji, wala mzinga wa nyuki. Mpimaji wa 1955 akitazama msitu huo aliona miti tu. Tangu Julai 1, 1885 sheria ya Leopold ilikuwa imekwisha sema kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali, na picha bila mtu ilisaidia kuifanya ardhi ionekane haina mwenyewe. Sheria ya ardhi ya 1973 nayo iliiweka ardhi yote mikononi mwa serikali. Ni Julai 15, 2022 tu ndipo sheria namba 22/030 ilipotaja wazi haki za Batwa na ndugu zao, pamoja na haki juu ya ardhi wanayoikalia tangu mababu. Baluba nao wana kidonda chao kwenye picha hizo hizo: mkoloni alihamisha vijiji vingi na kuvipanga kando ya barabara. Picha ya 1955 itaonyesha kijiji pale alipokiweka komanda, na makaburi ya mababu yamebaki porini bila alama.

Hata hivyo nisiwakatishe tamaa, kwa maana picha za zamani zimeanza kutumika. Jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lina hazina kubwa ya picha za angani za wakati wa ukoloni. Kule Yangambi, karibu na Kisangani, watafiti walichukua picha 334 za mwaka 1958, wakazipa kompyuta iziunganishe kuwa mozaiki moja, kisha wakailinganisha na hali ya sasa. Kazi ya wembe na gundi inafanywa na mashine. Waliweza kutofautisha msitu mkubwa na mashamba yaliyofutwa, na kuona msitu uliorudi mahali palipolimwa. Kazi hiyo inawezekana pia kwa vijiji vya njia ya Niemba na Nyunzu. Safu ya miembe au michikichi katikati ya pori ni alama ya kijiji cha zamani, na inaonekana toka juu. Picha itasema mwaka fulani hapa palilimwa. Jina la aliyelima litatoka kwa watu.

Kwa ninyi mnaoanza kurudi, na wenye telefone: mkitaka kuhifadhi sura ya mahali, msisimame sehemu moja na kujizungusha. Picha ya kujizungusha ni pana lakini haina kina, kwa kuwa jicho halikusogea. Tembeeni kwa pembeni, hatua mbili tatu, kila picha irudie zaidi ya nusu ya ile ya kwanza. Katika picha awepo mtu aliyesimama kando ya jiwe la mpaka au shina la mwembe, ili kimo chake kiwe kipimo. Andikeni tarehe na jina la kijito. Mkienda kupiga picha mpakani, nendeni na jirani wa upande wa pili, Mluba au Mtwa, naye apige za kwake akiwa amesimama upande wake.